Naomba ushauri: mwanafunzi ameniuliza kama hajaokoka

Bwana asifiwe, wapendwa. Ninafundisha darasa la kipaimara. Kipindi kilichopita niliwagawia wanafunzi karatasi yenye Amri Kumi, kila mmoja ajipime kimya kimya. Binti mmoja alirudisha yake ina alama ya vema kwenye amri saba. Kwenye "Waheshimu baba yako na mama yako" alikuwa ameweka vema na kufuta, ameweka na kufuta, mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwa hiyo mimi sijaokoka?"

Nilikosa jibu. Nikisema "Yesu amekusamehe, usijali", naona nimeidharau amri. Nikisema ajitahidi zaidi, namtwika mzigo ulionishinda hata mimi. Mwalimu mwenzangu anasema mafundisho ya kanisa ndiyo yanayowachanganya, nihubiri upendo tu. Mnanishaurije?

Mshika Taa:
Mwalimu, hapo sheria, yaani amri za Mungu, imeshafanya kazi yake. Warumi 3:20: kutambua dhambi huja kwa njia ya sheria. Kioo kinakuonyesha tope usoni, lakini hakuna anayenawa kwa kioo. Sasa mpe injili, yaani ahadi ya msamaha katika Yesu, yote, bila "ila" wala "mradi". Ukimwambia "umesamehewa mradi usirudie", umemrudishia sheria ileile.

Mama Neema:
Nakubali, ila tusiishie hapo. Nimeona watu wakiambiwa neema, neema, kisha nyumbani hawasemeshani na wazazi wao. Walutheri walibishana sana kama aliyeamini bado anahitaji sheria, na ungamo lao (tamko la imani) la mwaka 1577 likajibu ndiyo, imwongoze. Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, kitabu cha mafundisho cha makanisa ya Kireformed, inazifafanua Amri Kumi katika sehemu ya shukrani, baada ya kueleza wokovu. Binti akishajua amesamehewa, ndipo mzungumze namna ya kwenda kwa mama yake. Halafu, karatasi yako ilianzia mstari upi?

Msomaji wa Usiku:
Mwambie mwenzako kwa upole kwamba "penda" nayo ni amri, tena Yesu aliitaja kuwa iliyo kuu. Ukihubiri upendo tu, umehubiri sheria nzito kuliko zote, na yule binti atafuta karatasi mpaka itoboke kweli. Mafundisho hayashindani na sheria wala injili. Ndiyo yanayotuwezesha kutambua: hapa Mungu anaamuru, hapa anaahidi. Paulo alimkemea Petro mbele ya watu kule Antiokia kwa sababu hiyohiyo. Petro hakuwa amehubiri uongo. Alijitenga tu mezani na watu wa Mataifa (wasio Wayahudi), kana kwamba lazima kwanza washike sheria ya Kiyahudi, na injili ikapinda.

Mleta uzi:
Asanteni sana. Mama Neema, nimefungua Kutoka 20. Karatasi yangu ilianzia mstari wa tatu. Wa pili, "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa", niliukata ili maandishi yaenee ukurasa mmoja. Naichapa upya usiku huu. Binti nitamtafuta kesho, sitangoja kipindi.