Antene iko karibu na nyumba, usingizi hakuna: nitoe nini mu chumba?

papa_ndosho (Goma)
Bandugu jambo. Tangu tuhamie mu hii nyumba ya kupanga silali bizuri. Naamukaka saa nane ya usiku, nageuka geuka mpaka jogoo, asubuyi kichwa inauma kama vile nilikunywa, na bibi pia anasema vile vile, ila tukishatoka inje inapoa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuko antene ya simu, ile mrefu yenye taa nyekundu. Mu chumba kuko modemu ya wifi, ralonji (waya ya kuongeza umeme) inapita chini ya kitanda, na simu mbili zinalala karibu na mto juu umeme inarudiaka usiku, utafanya nini sasa. Ku soko mutu alinionesha kibandiko ya nyuma ya simu, dola kumi, eti inakunywa mawimbi yote. Bibi anataka tuhame. Mbele nitoe franka, benye kujua munisaidie, juu tuko na mutoto wa miezi tano. Yee analala sawa, baridi ya hapa munaijua, tunafunga madirisha na mbabula, jiko ya makala, tunaiingiza makala ikiisha kutoa moshi.

fundi_kadutu (Bukavu)
Mukubwa, dola kumi yako iache mu mufuko. Fikiria tu: simu inaongea na antene kwa yale mawimbi, kama kibandiko inayakunywa yote basi haungepata rezo. Na kama inakunywa nusu, simu inaongeza nguvu juu itafute rezo, kwa hiyo umelipa ili ikupige zaidi.

Antene nayo bantu wanaiogopa bure. Haimwangi chini kama mvua, inatupa mbele kidogo kwa pembeni kama taa ya motoka, na ukienda mbali mara mbili nguvu inashuka mara ine. Chenye kiko karibu na kichwa chako ni simu. Simu ya 2G, ile ya matoshi, ikipiga inaweza kufika wati 2 kwa kipindi kifupi kifupi, modemu ya wifi kawaida ni kama wati 0,1. Na simu inasukuma nguvu paka pale rezo iko mubaya! Njo maana antene karibu inafanya simu yako itulie, bantu hawapendi kusikia hii.

Kama unataka kupunguza, fanya bya bure. Simu zichajiwe ku salo, ao uziweke mu modi ya ndege. Modemu izime ukienda kulala ao iweke upande ingine. Ralonji itoe chini ya kitanda, lakini si juu ya mawimbi, ni juu ya moto: hizi ralonji za soko waya ni mwembamba sana, umeme ikirudi na nguvu inayeyuka, nimesha tengeneza nyumba zenye matela ilianza kuungua.

katuba_boy (Lubumbashi)
Fundi heshima, lakini mu 2011 si shirika ya kansa ya OMS (shirika ya afya ya dunia) ilisema mawimbi ya simu yanaweza kuleta kansa? Tusidanganyane.

fundi_kadutu (Bukavu)
Kweli, hiyo shirika, IARC, iliyaweka mu kundi 2B, maana yake "labda", ushahidi iko kidogo. Mu kundi ile ile kuko na maji ya jani zima la alovera, ile mama zetu wanatupa kwa kila ugonjwa 😂 Na kwa watu wanaosema mawimbi yanawaumiza kichwa, OMS iliandika mu 2005 kama maumivu ni ya kweli lakini haikuona sayansi inayoyafunga na mawimbi. Kwa hiyo kichwa ya mukubwa inatoka fasi ingine.

mama_muuguzi (Goma)
Papa, nimesoma yote na nashangaa hakuna mwenye ameona pale mwisho. MBABULA. Madirisha yamefungwa, makala ndani, bote wawili kichwa asubuyi, mukitoka inje inapoa: hiyo haiko antene. Makala isiyo na moshi njo inadanganya watu, inaendelea kutoa gazi ya monoksidi, haina harufu, haina rangi, na damu inaishika kuliko inavyoshika oksijeni, zaidi ya mara mia mbili. Sisi wa Goma tunaogopaka mazuku, ile gazi ya volkano, na ni kweli inaua, lakini ile inatoka mu udongo na inakaa mu mabonde. Hii mumeiwasha wenyewe pembeni ya mutoto. Leo leo itoke inje, mutoto muongezee blanketi, kidirisha kimoja kikae wazi. Mukisikia kizunguzungu ao kutapika, ao mutoto analegea, mutoke inje mbiyo na muende hospitali, musingoje asubuyi.

papa_ndosho (Goma)
Mama aksanti, nilisoma hii nikasimama usiku ule ule. Leo ni siku ya sita mbabula inalala ku barza. Kichwa imeisha, kwangu na kwa bibi, baridi tunaivumilia. Simu tumezipeleka ku salo kama fundi alisema na nalala mpaka asubuyi. Sasa bibi ananikasirikia juu hakuna mwenye anasikia umeme ikirudi saa nane, na nguo za kazi hazijapigwa pasi tangu siku ya kwanza ya juma. Ya kuhama hasemi tena.

katuba_boy (Lubumbashi)
Na ile kibandiko?

papa_ndosho (Goma)
Shemeji yangu aliinunua. Anasema rezo yake imekuwa mubaya.