"Taboo" ya Kiingereza: mwiko, haramu au marufuku?

Swali: Wakuu, natafsiri kijitabu na "taboo" imejaa humo. Niandike "marufuku" kote?

Jibu 1: Hapana. Marufuku hutolewa na mamlaka: kibao cha "marufuku kuegesha gari" kwa Kiingereza ni "prohibited", kamwe si "taboo". Haramu ni ya dini hasa. "Taboo" hukatazwa na jamii yenyewe, bila askari; kwa hiyo mwiko, wingi miiko.

Jibu 2: Naongeza. Likiwa nomino hufuatwa na "against" au "on": "a taboo against eating pork". Likiwa kivumishi, "a taboo subject", usilazimishe mwiko. "Jambo lisilosemwa hadharani" linasomeka vizuri zaidi. Neno lenyewe ni la Tonga, visiwani huko Pasifiki. Baharia Mwingereza James Cook aliliandika mwaka 1777. Kwao "tapu" hubeba pia utakatifu, maana ambayo Kiingereza cha leo kimeipunguza sana.

Jibu 3: Na usiandike "tabu" tu! Msomaji ataelewa shida. Mkazo nao ni tofauti: Waingereza hukazia silabi ya mwisho, ta-BUU.

Muuliza swali: Na mwiko wa kusongea ugali je?

Jibu 1: Muktadha utaamua. Hakuna atakayesonga kwa katazo.