Tupeane uzoefu: mtoto anasoma vizuri lakini haelewi, wewe umemsaidiaje?

Mwl Kipanga (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Naileta kwa walimu wenzangu, wazazi, na yeyote anayekaa na watoto wa darasa la sita mpaka kidato cha pili. Namzungumzia yule anayesoma aya nzima bila kukwama, sauti safi, vituo vyote anavizingatia, halafu ukimuuliza amesoma nini anakutazama tu. Au anakurudishia sentensi ya kitabuni kama ilivyo. Huyu KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) alishaimaliza zamani. Shida yake ni kwamba hajui kuwa hajaelewa, kwa hiyo hana sababu ya kurudi nyuma.

Mimi nafundisha Historia na Kiswahili kidato cha kwanza, shule ya kata. Niliwatungia kifungu kifupi na ndani yake nikaweka kosa la makusudi:

"Majahazi ya Uarabuni yaliletwa pwani yetu na kaskazi, upepo unaovuma kati ya Desemba na Machi. Yalishusha tende na vyombo, yakapakia pembe na boriti. Kaskazi ilipokwisha, mabaharia waliingoja kusi iwarudishe kwao. Julai ndio mwezi uliokuwa na pilikapilika nyingi bandarini, kwani kaskazi ilikuwa ikileta majahazi mapya kila siku."

Wakasoma kimya. Nikauliza, kuna kisichoeleweka? "Hakunaaa!" Darasa zima, kwa pamoja, kama mnavyowajua. Nikamsimamisha mmoja asome tena sentensi moja moja, na kila akifika kwenye nukta aseme kichwani mwake kuna picha gani. Alipofika Julai, binti mmoja wa nyuma akadakia: "Mwalimu, kaskazi si imeshakwisha Machi?" Hapo ndipo zogo lilipoanza, kila mtu anataka kuonyesha na yeye aliliona.

Wazo lenyewe si langu. Ellen Markman, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha utafiti wa namna hii mwaka 1979. Kifungu chake kimoja kilisema chini kabisa ya bahari hakuna mwanga, kisha kikasema samaki wa huko hutambua chakula chao kwa rangi. Watoto wengi walipita hapo bila kushtuka.

Siku hizi kabla hawajasoma wao, aya ya kwanza nawasomea mimi na kuyasema wazi yanayopita kichwani: "Hapa nimepotea. 'Wao' ni mabaharia au wenyeji? Ngoja nirudi juu." Mwanzoni walicheka, mwalimu anaongea peke yake. Sasa nawasikia wakinong'ona wenyewe. Nyie mnafanyaje?

Chaki Nyeupe

Mkuu, mada nzuri ila tuwe wakweli. Kwangu wanabanana watatu dawati moja, kipindi dakika 40, na kidato cha pili wana mtihani wa taifa mwisho wa mwaka. Nikisimama kila sentensi silabasi namwachia nani? Isitoshe kifungu chako ni cha Kiswahili. Mimi nina Biolojia, kitabu Kiingereza, na mtoto katoka darasa la saba la Kiswahili juzi tu. Huyo hajapotea sehemu moja. Kapotea kuanzia kichwa cha habari.

Mwalimu wa JSS

Hamjambo walimu. Niko magharibi mwa Kenya, nafundisha Gredi ya 7 na ya 8. Hiyo "hakunaaa" hata huku tunayo, ila huku ni "yes teacher".

Tangu sekondari msingi (JSS) ianze mwaka 2023 mimi hutumia alama tatu: tiki kwa sentensi uliyoielewa, alama ya kuuliza pale ulipopotea, alama ya mshangao kwa jambo jipya. Vitabu ni vya shule na haviandikwi, kwa hivyo kila mmoja hukata ukanda wa karatasi, akauweka pembeni mwa ukurasa, akaweka alama mkabala na mstari. Akimaliza anauchomoa. Mimi hupita nikiangalia kanda tu, sihitaji kusikiliza kila mtu. Nikiona alama za kuuliza zote zimerundikana mstari wa sita na wa saba, najua pa kusimama. Mistari mingine naiacha. Chaki Nyeupe, hapo ndipo muda wako utakapopatikana.

Angalizo: wiki za mwanzo utapata kanda zimejaa tiki tupu. Hakuna anayetaka kuonekana mjinga. Nilitangaza kwamba ukanda usio na alama hata moja ya kuuliza unarudiwa. Basi wakaanza kuziweka ovyo ili kunifurahisha! Ilibidi niongeze sharti: kando ya alama andika neno au kirai kilichokukwamisha. Hapo mchezo uliisha.

Mama Cherehani

Mimi si mwalimu, ni fundi nguo, naomba nichangie kama mzazi. Kiingereza sina. Binti yangu yuko kidato cha kwanza na huwa anakaa hapa kibandani akinisubiri tufunge. Namwambia soma, halafu nieleze mimi kwa lugha yangu. Si kwamba namfundisha, ni kwamba kwangu hawezi kukariri, kwa sababu akinitajia Kiingereza mimi natoka kapa.

Juzi ilikuwa huduma ya kwanza, mtu aliyeumwa na nyoka. Ananieleza, atulizwe, asitembetembee. Nikamuuliza, kwa nini asikimbie haraka hospitali? Nilitaka kujua kweli, kwetu kijijini nyoka wapo. Akafungua mdomo, akaufunga. "Subiri mama." Akarudi kitabuni, kidole kwenye mstari, anasoma polepole midomo ikichezacheza, anarudi juu, anashuka tena. Baadaye: akijitikisa sumu inasambaa upesi mwilini, ndiyo maana abebwe. Sindano nilikuwa nimeshaisimamisha.

Sasa hivi hata sijamuuliza ananiambia, "Mama hapa bado, nikielewa nitakwambia." Mimi hiyo "hapa bado" naipenda kuliko maksi.

Mwl Kipanga

Mama Cherehani, heshima yako. Hiyo ndiyo mada yenyewe.

Wa Micheweni

Asalaam aleikum. Niongeze jambo ambalo watu wa bara huenda hawalioni. Watoto wetu wengi wameanza chuoni, yaani madrasa ya Kurani, kabla ya skuli. Chuoni unafunzwa matamshi, urefu wa irabu, pa kuvuta na pa kusimama, na hiyo ni ilimu yake na ina heshima yake. Maana huja baadaye, kwa wanaoendelea. Mtoto akija skuli na mazoea hayo huona kusoma kumekwisha pale sauti ilipotoka sawa. Mimi huwaambia wazi: hapa tunataka kitu chengine. Huwapa kifungu wasome kimya tu, hapana kutoa sauti. Wengine huhangaika kweli, kwani sauti ndiyo iliyokuwa ikiwaonesha kuwa wanasoma.

Mtoto wa Uvira

Habari zenu. Mimi niko Marekani, ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya kati, gredi ya 6 mpaka ya 8. Tuna watoto wengi Wakongo waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Kiswahili wanacho, Kiingereza wanakitafuta.

Hapa tunatumia njia ya watafiti Palincsar na Brown, ya mwaka 1984. Walianza na watoto wa gredi ya 7 waliokuwa wanasoma maneno vizuri lakini maana inawapita, yaani hao hao wa Kipanga. Kazi ni nne: kutabiri kinachofuata, kuuliza swali, kufafanua palipo kiza, kufupisha. Kwanza mwalimu anaongoza, halafu watoto wanapokezana kuwa mwalimu wa kikundi. Wakongo wetu nawaruhusu wabishane kwa Kiswahili, jibu la mwisho ndiyo walitoe kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa kimya wiki zote unashangaa anamkatalia mwenzake: hapana, si hivyo, soma tena pale.

Ila muelewe, mtoto ambaye bado anavunja silabi moja moja hii haimfai. Huyo anataka kwanza kufundishwa kusoma maneno. Ukimwambia "chunguza mawazo yako" unamtesa bure.

Chaki Nyeupe

Hiyo ya mwisho nakubali kwa mikono miwili, maana semina nyingi zinawachanganya hao wawili. Lakini vikundi vya wanne na ninyi mnajua vinavyokwenda: mmoja anafanya kazi zote nne, watatu wanachora mpira kwenye daftari.

Mwalimu wa JSS

Ni kweli, hutokea. Mimi humchagua wa kufupisha baada ya kusoma, si kabla. Hakuna anayejua kama ni yeye, kwa hivyo wote husoma.

Mwl Kipanga

Mimi vikundi nimeviacha, wawili wawili kwa dawati wananitosha. Na mkuu Chaki, hatusimami kila sentensi ya kila kipindi. Chagua aya moja tu, ile ngumu ambayo ungelazimika kuirudia ubaoni hata hivyo. Kwa Biolojia usiwatafutie hadithi, tumia aya ile ile ya kitabu. Na waache wafikiri kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho wanachofikiria hata tukiwakataza.

Chaki Nyeupe

Sawa. Jumatatu nina mkondo B, tuko kwenye usafirishaji wa damu. Nataka niwatungie mistari mitano kwa Kiingereza chepesi, niseme ateri hutoa damu kwenye moyo, halafu chini niseme ateri ndizo zinazorudisha damu moyoni kutoka miguuni. Inatosha au ni wazi mno?

Mwl Kipanga

Inatosha, ila weka angalau sentensi mbili katikati, zikikaribiana wataiona hata wasiofikiri. Usiwadokeze kwamba kuna kosa. Na kabla hawajatoka hakikisha wamesahihisha kwenye daftari kwamba mishipa ya kurudisha ni vena, maana kuna atakayekwenda nayo hivyo hivyo kwenye mtihani.