Naomba ushauri: watu sita wapenda chakula, Unguja kuanzia Ijumaa hadi Jumapili

Muulizaji (Dar es Salaam)

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Sisi ni marafiki sita tunaounganishwa na kula: tukipata nafasi tunakutana mahali, tunaagiza vyakula tofauti na kuonjana. Tunakusudia kuvuka kwenda Unguja kwa boti ya Ijumaa asubuhi na kurudi Jumapili jioni, ingawa tarehe bado hatujaichagua. Safari hii haina lengo jingine zaidi ya chakula. Fukwe na kisiwa cha Changuu tumewaachia wengine.

Tunapotofautiana ni hapa. Wenzetu wawili wamekwisha kuandika orodha ya mikahawa ya juu ya mapaa ya Mji Mkongwe na wanataka tuweke nafasi kwa kila mlo, ilhali waliobaki wanaona kwamba chakula cha Unguja kiko barabarani na sokoni. Isitoshe, mmoja wetu hali kamba, pweza wala ngisi kwa sababu humdhuru, na mwingine ana kipato kidogo kuliko sisi lakini hapendi kulipiwa. Naomba mnishauri namna ya kupanga milo, na njia ya kuchangia gharama isiyomwaibisha mtu.

Mkaazi wa Mkunazini

Dada, karibuni sana. Ushauri wangu ni kwamba msipange kwa majina ya mikahawa, bali kwa saa, kwa sababu hapa kwetu kila chakula kina wakati wake, na ukiukosa wakati huo ama hukipati ama unapewa kilicholala. Asubuhi ni supu, chapati, maandazi na maharage ya nazi. Adhuhuri ni wali, pilau au biriani. Alasiri ni urojo, jioni ndipo majiko ya mishkaki na pweza yanapowashwa, na baada ya Isha ni kahawa chungu kwa kashata pale Jaws Corner, ambako wanaume hukaa barazani wakicheza dhumna na kubishana siasa. Kwa kuwa mnafika Ijumaa, kumbukeni kwamba biashara nyingi hufungwa wakati wa swala. Wekeni mizigo, pumzikeni, kisha mwende kula watu wakishatoka msikitini.

Kuhusu urojo naomba nirefushe maneno. Msingi wake ni rojo jepesi la unga lenye manjano na ukali wa embe mbichi au ndimu, lakini uzuri uko katika vinavyotiwa ndani: mbatata za kuchemsha, bajia, kachori, mishkaki, yai, chatini ya nazi, pilipili, na chipsi nyembamba za muhogo zinazonyunyizwa juu mwisho kabisa. Uleni palepale mlipoununua, maana chipsi zikishalowa raha yote imekwisha, na anayefungiwa urojo kwenye mfuko apeleke hotelini amejidhulumu. Tena msinunue bakuli sita kwa muuzaji mmoja. Chukueni mawili kwake na mawili kwa mwingine, mlinganishe, kwa sababu kila muuzaji ana kipimo chake cha ukali na hapo ndipo mabishano yenu yatakapokuwa matamu.

Mla Sinia

Naafiki hayo ya saa, ila naongeza tahadhari juu ya Forodhani. Bustani ile, iliyokarabatiwa mwaka 2009, ni mahali pazuri pa kupunga upepo wa jioni, lakini vijiti vya samaki na kamba mara nyingi hupangwa mezani mapema na kupashwa moto mteja akifika. Chagueni kinachoandaliwa mbele ya macho yenu, kama vile Zanzibar pizza, au juisi ya miwa inayokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, na ulizeni bei kabla kitu hakijawekwa jikoni.

Mwenzenu anayedhurika na kamba asitegemee kuchagua mishkaki ya nyama tu, kwa kuwa jiko linalochoma pweza ndilo hilohilo linalochoma nyama. Mlo wake mkuu uwe wa mchana, mahali kama Lukmaan pale Mkunazini, ambako vyakula huwekwa wazi na unaweza kusogea, kuonyesha kwa kidole na kuuliza kila mchuzi una nini.

Muulizaji

Nawashukuru. Na suala la fedha?

Mtunza Mfuko

Kusanyeni mchango sawa kabla ya kupanda boti, kiwango kikipendekezwa na yule mwenye kipato kidogo, mmoja aushike na kulipa kila mahali; hivyo hakuna atakayehesabu sahani ya mwenzake. Milo ya paa iwe nje ya mfuko huo: wanaoitaka wajilipie, wengine waendelee na mambo yao.

Mla Sinia

Hapo sikubaliani. Kundi likigawanyika usiku mmoja tu, yule asiyependa kulipiwa atajua sababu. Pandeni paani wote wakati wa machweo, mnywe chai au juisi, kisha mshuke kula pamoja. Mkishindwa kabisa kuwazuia wale wawili, basi wachague mahali pamoja tu, na waweke nafasi mapema.

Mkaazi wa Mkunazini

Nami niko upande wa Mla Sinia. Lakini dada, kabla ya kukata tiketi tazameni kalenda. Ikiwa ni Ramadhani, mpango wangu wote wa saa unapinduka: mikahawa mingi hufungwa mchana, na kula hadharani ni kuwakosea heshima waliofunga. Baada ya Magharibi, hata hivyo, mtakutana na vitu ambavyo miezi mingine mnaweza kuvitafuta msivione kwa wingi huo, yaani tambi za sukari, kaimati, mkate wa kumimina, ndizi na muhogo wa nazi. Mkija wakati huo, nitumieni ujumbe, kwa sababu futari nzuri haiuzwi, hualikwa.