Fundi umeme wa chama cha wafanyakazi Marekani: kazi ni ya uhakika kiasi gani?

Swali: Ndugu zangu, naishi Columbus, Ohio, na nimeitwa kwenye usaili wa uanagenzi wa miaka 5 chini ya IBEW, chama cha wafanyakazi wa umeme. Ghalani ninakofanya kazi sasa ujira ni mdogo, lakini sijawahi kukosa zamu. Je, fundi wa chama hufanyaje mradi unapokwisha?

Jibu: Hongera, kaka. Uhakika hautoki kwa mkandarasi, ambaye anaweza kukuachisha mara nyaya za jengo zikimalizika, bali hutoka kwenye ofisi ya tawi la chama, ambako unaandikisha jina lako na kuitwa kwa zamu. Wenyeji wa tawi huwa kwenye orodha ya kwanza. Wageni kutoka matawi mengine husubiri kwenye ya pili. Bima ya afya hutegemea saa ulizofanya kazi, kwa hiyo weka akiba mapema.

Jibu: Naongezea kwamba wingi wa kazi wa leo usikulevye. Vituo vya data vinavyojengwa kandokando ya Columbus vinahitaji mafundi wengi, lakini ujenzi uliposhuka baada ya mwaka 2008, watu walikaa kwenye orodha hizo kwa miezi. Jifunze pia mifumo ya kudhibiti mitambo, kwani hospitali na viwanda hufanyiwa matengenezo hata pasipojengwa kitu kipya.

Muuliza: Asanteni. Na mwanagenzi naye husubiri kwenye orodha?

Jibu: Hapana, kamati ya mafunzo ndiyo itakayokupangia mkandarasi, na ujira wako utapanda kwa hatua kadiri unavyokamilisha saa na masomo.