Mkataba wa riyali 1,500 Qatar na ajenti anataka laki moja na nusu: zile sheria za Kombe la Dunia zimebaki?

Kongowea_Kibarua:

Habari za humu wakuu. Vijana wa mtaani wanaletewa mikataba ya ulinzi Doha. Mmoja uko hivi: miaka miwili, mshahara wa msingi riyali 1,000, "posho ya ovataimu" 500, zamu ya saa 12, malazi juu ya kampuni. Chakula hakikutajwa. Ajenti anataka KSh 150,000 kabla ya viza, na anaapa kwamba tangu Kombe la Dunia la 2022 kafala (ule mfumo wa mfanyakazi mgeni kufungwa kwa mwajiri aliyemdhamini) imefutwa, kwa hiyo mtu akichoka anahamia kampuni nyingine. Hesabu iko sawa? Na hiyo kafala imekufa kweli au imebadilishwa jina tu?

---

Nondo_12:

Chukua kalamu ndugu. Riyali 1,000 gawa kwa siku 30, kisha kwa saa 8, unapata 4.17 kwa saa. Sheria ya kazi ya Qatar, namba 14 ya 2004, inataka saa ya ziada ilipwe msingi na nyongeza isiyopungua asilimia 25, yaani riyali 5.21. Zamu ya saa 12 ina saa 4 za ziada. Kwa siku 26 ni saa 104, sawa na riyali 542. Mkataba unatoa 500.

Pengo la riyali 42 ni dogo, ndiyo maana watu hulipita. Ubaya ni kwamba posho haipandi. Akipangwa siku 30 mfululizo, saa za ziada zinafika 120, ambazo ni riyali 625, na hapo hujagusa malipo ya zile siku nne za mapumziko alizonyimwa. Yeye atapewa 500 ile ile. Neno "posho" limewekwa makusudi pale palipostahili kuandikwa kiwango cha kila saa. Tena sheria hiyo hiyo inaweka kikomo cha saa 10 kwa siku, ovataimu ikiwemo, pamoja na siku moja ya mapumziko kila wiki. Zamu ya saa 12 inapita kikomo hicho hata kijana hajapanda ndege.

Chakula sasa. Kima cha chini kilichoanza tarehe 20 Machi 2021 kina sehemu tatu: riyali 1,000 za msingi, 500 za malazi kama kampuni haitoi nyumba, na 300 za chakula kama haitoi chakula. Mkataba ukinyamaza kuhusu chakula, kijana anapoteza riyali 300 kwa mwezi, 7,200 kwa miaka miwili. Kwa bei ya shilingi 35 hivi kwa riyali, hiyo ni zaidi ya KSh 250,000. Watu wanagombana na ajenti juu ya laki moja na nusu, na laki mbili na nusu zinapita kimyakimya kwenye mstari ambao haukuandikwa.

---

Wakili_wa_Kona:

Kuhusu kafala: imekatwa vipande, si kwamba imezikwa.

Vilivyokatwa ni hivi. Kibali cha kutoka nchini kiliondolewa kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na Januari 2020 wafanyakazi wa majumbani nao wakaingizwa. Agosti 2020 likaondolewa sharti la barua ya mwajiri ya kukubali uhame. Leo mtu anahama kwa kutoa notisi kupitia mfumo wa Wizara ya Kazi: mwezi mmoja kama amefanya kazi miaka miwili au chini yake, miezi miwili kama amezidi hapo. Kwa hiyo ile ya kuchoka leo na kuhama kesho ni maneno ya muuza viza.

Kilichobaki ndicho chenye meno. Mwajiri bado ndiye anayekuingiza nchini, anayelipia na kuhuisha kibali chako cha ukaazi, na ndiye anayeweza kukuripoti kuwa umetoroka kazini. Ripoti ya utoro inamgeuza mdai kuwa mtuhumiwa: anakamatwa, anarudishwa kwao, na kesi ya mshahara inabaki haina mtu wa kuifuata. Kampuni nyingine haziripoti, zinaacha tu kitambulisho kiishe muda, mtu anaogopa hata kutoka kambini. Ndiyo maana anayetaka kuhama asiache kazi kabla notisi haijaisha. Apige picha ya skrini siku notisi inapopokelewa kwenye mfumo, na ahifadhi ushahidi kwamba aliendelea kufika kazini, hata kama ni picha ya karatasi ya zamu.

Na pesa ya ajenti: kifungu cha 33 cha sheria ya kazi ya Qatar kinakataza mfanyakazi kutozwa gharama ya kuajiriwa. Nyuma ya pazia kuna mnyororo: kampuni ya Doha haitaki kulipia uajiri, wakala wa Nairobi anamtupia dalali wa mtaani, dalali anamtupia kijana. KSh 150,000 ni zaidi ya mishahara minne ya msingi. Mwenye deni hilo hawezi kuhama wala kulalamika hata sheria ikimruhusu, kwa sababu mwezi mmoja bila mshahara unamkuta mkopo uko mlangoni kwa mama yake. Kwa maoni yangu deni hilo linafunga kuliko kibali cha kutoka kilivyowahi kufunga.

---

Mpira_Damu:

Haya yote ni propaganda za Wazungu waliokosa kombe. Mara watu 6,500 walikufa wakijenga viwanja, mara 3. Wachague moja.

---

Wakili_wa_Kona:

@Mpira_Damu namba hizo hazihesabu kitu kimoja. 6,500 ni hesabu ya gazeti la The Guardian, Februari 2021: vifo vyote vya raia wa India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka waliofia Qatar tangu ilipopewa mashindano Desemba 2010, wawe wa viwanjani, wa teksi au wa ofisini. Wakenya hawamo kabisa. Anayesema wote walifia viwanjani anakosea. Lakini 3 ni vifo ambavyo kamati ya maandalizi iliviita vya kazini kwenye miradi ya viwanja tu, na ikaweka vingine 37 kwenye fungu la "havihusiani na kazi". Novemba 2022 mkuu wa kamati hiyo hiyo, Hassan Al-Thawadi, akasema kwenye runinga kwamba kwa ujenzi wote uliohusu mashindano ni kati ya 400 na 500. Shirika la Kazi Duniani nalo lilipochambua mwaka 2020 peke yake lilipata vifo 50 vya kazini nchi nzima, na majeruhi wa hali mbaya zaidi ya 500.

Utata unazaliwa kwenye cheti cha kifo. Kijana wa miaka 28 aliyepimwa afya kabla ya kusafiri anafia kitandani baada ya zamu ya Julai, cheti kinaandikwa "moyo kusimama, sababu za asili", bila maiti kuchunguzwa. Utafiti wa 2019 juu ya Wanepali waliofia huko 2009 hadi 2017 ulikuta vifo 571 vya moyo, na ukakadiria kuwa hadi 200 vingezuilika kwa kinga ya joto. Kwa familia, neno "asili" lina bei: fidia ya kifo cha kazini kwa sheria ya Qatar ni riyali 200,000, na ya kifo cha asili ni sifuri. Familia ikipata msiba huo, iombe kupitia ubalozi uchunguzi wa maiti na ripoti ya polisi kabla mwili haujasafirishwa.

Sheria ya joto yenyewe ilirekebishwa mwaka 2021. Kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba hakuna kazi ya nje kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na kazi inasimama wakati wowote kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua kikizidi nyuzi 32.1. Zamani marufuku ilianza saa tano na nusu na kuishia Agosti, kwa hiyo hapa kuna hatua ya kweli. Askari wa getini asiye na kivuli mara nyingi husahauliwa, kila mtu anamwazia fundi tu.

---

Kongowea_Kibarua:

Shukrani. Kuna wanaosema basi bora mikataba mifupi ya mashindano, au wasubiri Saudia 2034. Hiyo ikoje?

---

Nondo_12:

Mikataba mifupi iangalie sana. Mwaka 2022 waliletwa walinzi na waongozaji watazamaji kutoka Kenya, Ghana na Nepal kwa mikataba ya miezi mitatu. Shirika la haki za binadamu la Amnesty lilirekodi kwamba wengi walitozwa ada, waliahidiwa kazi baada ya fainali na bonasi, wengine wakafanya kazi saa 12 hadi siku 38 mfululizo, kisha wakaachishwa. Mamia waliandamana Januari 2023, wakarudishwa makwao. Deni la miaka miwili halilipiki kwa mshahara wa miezi mitatu, hata mwajiri awe malaika.

Jambo jingine watu hawalitenganishi: viwango bora vya kambi na mfumo wa kurudishiwa ada vilikuwa vya wakandarasi wa miradi ya kamati ya maandalizi tu. Wakandarasi walikubali kurudisha karibu dola milioni 28 kwa wafanyakazi kama 49,000 bila kudai risiti, maana ajenti hatoi risiti. Huo ulikuwa mpango mzuri. Lakini Qatar ina wafanyakazi wageni karibu milioni mbili. Mlinzi wa duka hakuguswa.

---

Jeddah_Bandarini:

Saudia ilipewa 2034 tarehe 11 Desemba 2024 ikiwa mwombaji pekee. Viwanja 15 kwenye mpango, 11 vipya, miji mitano. Usidhani sheria za Doha zinavuka mpaka. Saudia haina kima cha chini kwa mgeni, kwa hiyo kilichoandikwa kwenye mkataba ndicho kilichopo. Kuhama bila ruhusa ya mwajiri kunawezekana baada ya mwaka mmoja, kwa notisi, kupitia Qiwa, mfumo wa mtandaoni wa wizara yao ya kazi, lakini wafanyakazi wa majumbani, madereva wa nyumbani na watunza bustani waliachwa nje ya mageuzi ya 2021, na hao ndio wengi wa wanaotoka kwetu. Marufuku ya jua ni saa sita hadi saa tisa, 15 Juni hadi 15 Septemba, bila kipimo cha joto. Vyama vya wafanyakazi ni marufuku. Ripoti ya utoro huko ndiyo hurubu, na mtu hujua anayo siku anapokwenda kufuata iqama, yaani kibali cha ukaazi. Machi 2025 tayari fundi wa Kipakistani alianguka akafa kwenye uwanja wa Al Khobar.

---

Wakili_wa_Kona:

Kwa huyo kijana wa Doha, kama bado anataka kwenda: ahakikishe wakala yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba ushuhudiwe na afisa wa kazi Kenya. Ulioshuhudiwa ndio atakaouonyesha akikuta mwingine Doha wenye msingi wa chini. Adai mistari miwili iongezwe: chakula, na kiwango cha ovataimu kwa saa. Pesa yoyote apeleke kwa M-Pesa au benki, si mkononi.

Akifika, kadi ya benki akae nayo mwenyewe. Mshahara lazima upite benki ndani ya siku saba tangu tarehe yake, na mbinu iliyopo ni msimamizi kukusanya kadi na kutoa pesa yeye. Pasipoti vilevile ni yake. Mwajiri akikataa kuirudisha, faini inafika riyali 25,000. Mshahara ukichelewa apige 16505. Wizara inasuluhisha kwa siku saba, ikishindikana faili linakwenda kamati ya migogoro. Kwa maandishi kamati ina wiki tatu, kwa vitendo ni miezi, kwa hiyo alalamike mwezi wa kwanza, si wa tano. Dai hufa mwaka mmoja baada ya mkataba kuisha.

Asianze kwa kurusha video mtandaoni. Malcolm Bidali, mlinzi Mkenya aliyeandika mtandaoni kuhusu hali ya kambi, alikamatwa Mei 2021, akawekwa ndani karibu mwezi, na akatozwa faini ya riyali 25,000.

---

Kongowea_Kibarua:

Ajenti amepigiwa simu kuhusu mistari miwili. Amesema chakula kinaweza kuandikwa, ovataimu kwa saa "kampuni haikubali".

---

Nondo_12:

Basi mwambie aandike kwenye mkataba idadi ya saa ambazo hiyo 500 inazilipia. Kwa 5.21 ni saa 96 kwa mwezi. Akikataa na hilo pia, ujue wamepanga 120.