.223, 22-250 au .243 kwa waharibifu wa mbali? Nimebakiza uamuzi tu

Mlinda_Shamba
Wakuu, heshima kwenu. Nimepata kibali cha bunduki ya pili na fundi anasubiri nimwambie afunge mtutu wa kaliba gani, yaani aina na ukubwa wa risasi. Kazi yake ni moja tu: wanyama waharibifu wadogo, kwa mbali. Nimechuja hadi nimebaki na tatu: .223 Remington, .22-250 Remington na .243 Winchester. Kuna jamaa ananisukumia .204 Ruger lakini sijaishika hata siku moja. Nichukue ipi? Nataka kumjibu fundi kabla wiki haijaisha. Nawasilisha.

KopeMoja
"Kwa mbali" ndiyo mita ngapi, mkuu? Kuna mtu mbali yake ni 150, na kuna mwingine 400 anaiona kama uani kwake.

FundiMtutu
Na mnyama gani? Unatembea nayo begani au unalala sehemu moja unapiga? Risasi unanunua za kiwandani au unajaza mwenyewe baruti na kichwa kwenye ganda? Ngozi unaihitaji? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Risasi_Tano
.223. Uzi ufungwe.

MzeeSwift
Naona vijana mmeisahau .220 Swift. Winchester waliitoa 1935, kichwa cha greni 48 (greni ni kipimo cha uzito, kichwa ni ile sehemu inayopaa) kwa futi 4,110 kwa sekunde, na mpaka leo hizo zenu zinaikimbiza tu. Mwambie fundi akufungie Swift, ulale usingizi.

KopeMoja
Nilikuwa nahesabu dakika mzee atokee na Swift yake. Leo amechelewa.

Mlinda_Shamba
Samahani wakuu, niliandika haraka. Umbali ni mita 200 hadi 400, mara mojamoja 500. Sungura na wale wachimba mashimo, mbweha akijileta sawa. Nalala juu ya kilima, sitembei. Risasi za kiwandani, kujaza bado sijajifunza. Ngozi sina haja nayo.

FundiMtutu
Hapo sasa tunaongea. Kwanza acha kuangalia kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Kushuka kwa risasi siku hizi si tatizo: una kifaa cha kupima umbali, unazungusha darubini, umemaliza. Kinachokukosesha sungura ni upepo, na huo hauna kifaa cha kuupima pale alipo yeye, unaupima pale ulipolala wewe.

Chukua .223, kichwa cha greni 55, futi 3,240 kwa sekunde. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unakisukuma kama sentimita 30 kwa mita 300. Kwa mita 500 ni karibu mita nzima. Sungura aliyekuelekea upana wake hauzidi kiganja sana, kwa hiyo ukikosea upepo kwa robo tu umempiga vumbi. Kichwa hicho hicho kwenye 22-250 kinatoka kwa futi 3,680 hivi, na watu wanadhani shida imekwisha. Haijaisha, imepungua kidogo. Sasa .243 yenye kichwa cha greni 87 chenye umbo la kukata hewa, kwa mita 500 ule ule upepo unakisogeza karibu sentimita 60.

Kwa hiyo kama 500 ni kweli ya mara mojamoja, 22-250. Kama utaizoea 500 ukaanza kutamani 600 (na utatamani), .243.

Risasi_Tano
Na bega? .243 kila ukifyatua bunduki inaruka, darubini inaondoka kwa mnyama, humwoni ameanguka au amekimbia. Unabaki kumuuliza mwenzako "vipi?" Na kama uko peke yako unaliuliza jua. .223 unaona vumbi likiruka, unarekebisha, unapiga tena. Kwa anayejifunza kusoma upepo hiyo ndiyo shule yenyewe. Na risasi zake ziko kila mahali, aina chungu nzima.

DadaShabaha
Risasi_Tano, .243 kwenye mtutu mzito na akiwa amelala chini hairuki hivyo, kaka. Mimi natumia na vumbi naliona. Labda ulishika ya kutembea nayo, nyepesi kama fimbo.

Risasi_Tano
Ya kutembea nayo, ndiyo. Lakini teke ni teke, dada.

Upepo_Ubavuni
Mlinda_Shamba, kabla hujamwambia fundi jina la risasi, mwambie msokoto. Mifereji ya ndani ya mtutu inazunguka mara moja kamili kila baada ya inchi ngapi? Naona hakuna aliyeuliza. Nitawapa kisa changu, ni kirefu, vumilieni.

22-250 yangu ya kwanza nilinunua ikiwa imetumika. Kwa greni 50 na 55 ilikuwa raha, matundu matatu kwa mita 100 unayafunika kwa kidole gumba. Nikaingiwa na tamaa. Nimesikia vichwa vizito vinashinda upepo, nikamwomba rafiki anayejaza anitengenezee greni 75. Kipenyo ni kile kile, vinaingia bila shida, bunduki haikulalamika.

Nikalala, nikapiga ya kwanza kwa mita 100. Karatasi safi. Ya pili, safi. Ya tatu ikagonga pembeni kabisa mwa ubao, chini. Nikasema darubini imelegea. Nikakaza skrubu zote. Siku ya pili yale yale. Nikabadilisha vishikizo vya darubini. Nikaazima darubini ya mtu. Nikatoa mbao ya kitako nikaisugua ndani isiguse mtutu. Wiki tatu hizo, na risasi kama hamsini za rafiki yangu wa watu ambaye kila jioni ananiuliza "zinapigaje?" nami naona aibu kumjibu. Mwishoni nilianza kuamini macho yangu yameharibika, nikaenda hadi kupimwa. Macho mazima.

Siku moja, kwa hasira tu, nikasogeza karatasi hadi mita 50. Ndipo nikaliona tundu. Halikuwa duara. Lilikuwa refu, umbo la risasi yenyewe imelala ubavu: huku ncha iliyochongoka, huku kitako, kama mtu ameilaza juu ya karatasi akaizungushia penseli. Zilikuwa zinapaa zikipinduka hewani!

Nikachukua ufito wa kusafishia, ule wenye mpini unaoachia ufito uzunguke, nikafunga kitambaa cha kubana, nikatia alama ya kalamu juu, nikausukuma taratibu mpaka alama irudi juu tena. Inchi 14. Kwa msokoto wa uvivu hivyo greni 75 haiwezi kusimama, ni kama pia ya kuchezea uliyoizungusha kwa mkono mchovu. Nikarudi kwenye 55 na bunduki ikarudi ile ile ya mwanzo.

Mtu wa kwanza kunieleza hilo alikuwa ufito. Muuzaji hakuniambia, rafiki hakuuliza, na mimi sikujua kuwa kuna cha kuuliza.

DadaShabaha
Pole sana. Hadi macho ukapima 😂

FundiMtutu
Anachosema ni kweli, na kilishaiua aina nzima ya risasi sokoni. Mwaka 1955 Winchester walitoa .243, mwaka huo huo Remington wakatoa .244. Ganda la .244 hata lilikuwa na nafasi zaidi ya baruti. Lakini mitutu yao ilikuwa na msokoto wa inchi 12, wakiwaza vichwa vyepesi vya waharibifu, wakati wanunuzi walitaka bunduki moja ya mbweha na paa pia, greni 100. Winchester waliweka inchi 10. Remington baadaye wakakaza msokoto, wakabadilisha na jina kuwa 6mm Remington, lakini wateja walikuwa wameshakwenda.

Mlinda_Shamba, kwa kuwa mtutu unafungwa mpya, una bahati. .223 omba inchi 8, hapo greni 55 inapiga na greni 75 inapiga. 22-250 ya msokoto wa inchi 8 pia inapatikana siku hizi, ila angalia risasi za kiwandani za vichwa vizito katika kaliba hiyo, si nyingi kama za .223. Wewe hujazi.

MzeeSwift
Swift ya inchi 14 na greni 50 haijawahi kunipindulia risasi.

KopeMoja
Mzee, Swift inakula mtutu kama mchwa.

MzeeSwift
Huo ni uzushi wa watu wasiowahi kuimiliki. Mtutu unaliwa na mtu asiyeuacha upoe. Mimi napiga tatu, nafungua mtutu kwa nyuma, naacha hewa ipite, nasubiri. Nina subira kuliko ninyi, ndiyo siri.

FundiMtutu
Mzee ana nusu ya ukweli. .223 inachoma greni 25 hadi 27 za baruti. 22-250 inachoma 35 hadi 38, na Swift zaidi kidogo, zote kupitia tundu la kipenyo kile kile. Moto huo unapita mahali pamoja, pale mifereji inapoanzia mbele ya chemba (sehemu risasi inapokaa), na ndipo chuma kinapopasuka vijistari kama tope lililokauka. Subira inasaidia sana. Lakini wachimba mashimo wakiwa wengi siku hiyo, nani ana subira? Nimefungua mitutu ya watu wanaosema wana subira. Naona mwenyewe ndani.

MzeeSwift
Wangu hujafungua.

Jicho_La_Nyuki
Mnamsahau .204 jamani. Ruger na Hornady, 2004, greni 32 kwa futi 4,225 kwa sekunde. Inapaa kama imenyooshwa kwa rula, na bega halijui kama umefyatua. Ukiweka greni 40 upepo nao inauvumilia vizuri tu, inaishinda .223 ya greni 55. Mpaka mita 350 sihitaji kingine.

Risasi_Tano
Na siku duka likiisha risasi za .204 unarusha mawe?

Jicho_La_Nyuki
Nanunua nyingi kwa mara moja, mkuu. Kupanga ni kuchagua.

Mgeni_Mpya
Samahani kuingilia, mimi nina .17 HMR, inafaa?

KopeMoja
Mpaka mita 150 inafaa sana, kelele kidogo, teke kama halipo. Kichwa ni greni 17 tu, upepo ukivuma inachezewa kama unyoya. Kwa mita 400 ya jamaa, hapana.

DadaShabaha
Jambo jingine, Mlinda_Shamba. Nyuma ya hao sungura kuna nini? Umesema uko juu ya kilima, basi unapiga kuelekea chini, vizuri, udongo unapokea. Vichwa vyepesi vyenye ganda jembamba huvunjika vikigusa ardhi, havirukiruki sana kama vizito. Lakini "sana" si "kamwe". Kama kuna jiwe au njia ya watu upande ule, mimi nisingepiga kwa kaliba yoyote.

Mlinda_Shamba
Ni bonde, udongo mtupu, ng'ambo yake mlima. Nimeshazunguka kwa miguu. Asante dada.
Sasa naelekea kwenye .223 inchi 8. Au 22-250. Kuhusu kusafisha, ipi ina taabu?

Jicho_La_Nyuki
Zote zinaacha shaba ndani. Brashi ya nailoni na dawa ya shaba, basi. Usitumie brashi ya shaba, inakuna mtutu.

Upepo_Ubavuni
Brashi ya shaba haikuni chuma, ni laini kuliko mtutu. Kinachokuna ni ufito mchafu unaosugua mdomoni mwa mtutu.

Jicho_La_Nyuki
Na dawa ya shaba inakula brashi ya shaba, kitambaa kinatoka cha buluu mwaka mzima, wewe unadhani mtutu bado mchafu kumbe ni brashi yako inayeyuka.

Upepo_Ubavuni
Ndiyo maana unapiga brashi kwanza, unaifuta, halafu dawa kwa kitambaa.

MzeeSwift
Mimi nasafisha kila baada ya risasi ishirini.

FundiMtutu
Kila ishirini, mzee? Mitutu mingine inataka risasi kumi bila kusafishwa ndiyo itulie, ukisafisha kila mara hujawahi kuiona ikipiga vizuri.

KopeMoja
Tumefika kwenye brashi. Uzi ulikuwa wa kaliba.

Risasi_Tano
Uzi niliufunga mimi tangu jibu la tatu, hamkusikia.

Mlinda_Shamba
Wakuu, fundi kanipigia sasa hivi. Nimemwambia .223, akasema sawa, mtutu wa .223 alionao mkononi ni wa inchi 12, wa inchi 8 lazima uagizwe. Wa .243 wa inchi 10 anao tayari. Nimemwomba mpaka Jumatatu.

DadaShabaha
.243! Nilisema mimi.

FundiMtutu
Ukichukua wa inchi 12 usivuke greni 55, umesikia? Mimi ningengoja wa kuagiza.

MzeeSwift
Muulize kama ana wa Swift.